Nimeshapata, Asanteni

"Nimeshapata, asanteni."

Hilo ndilo jibu pekee Mishi alilolikuta kwenye jukwaa la mtandaoni wanakosaidiana watengeneza gemu. Mtu alikuwa ameuliza swali lilelile lake: kwa nini mchezaji akivuka kizingiti anatumbukia sakafuni na kupotea? Kisha akajijibu hivyo, akaenda zake.

"Umepata nini, we mchoyo?" Mishi alifoka. "Ungepungukiwa nini kusema?"

"Unagombana na nani, mwanangu?" aliuliza mama yake, aliyekuwa kando yake akisubiri kuingia kwenye nyumba yao ya zamani. Ilibomolewa kupisha barabara, na Mishi alikuwa ameijenga upya ndani ya gemu.

"Na mtu aliyeingia akatufungia mlango!"

Alihangaika mpaka mchana ndipo akagundua: sakafu aliichora, lakini hakuiamuru iwe ngumu. Akamwachia mama kompyuta, akachukua simu na, kwa hasira zilezile, akaandika kila hatua chini ya ile asante.

Alipoinua macho, kikaragosi cha mama ndani ya gemu kilikuwa bado kimesimama kizingitini.

"Ingia, mama. Haikumezi tena."

"Niingie bila hodi?" Mama aliisogelea skrini. "Hodi humu ndani!"

Akatega sikio.