Gogo la Mama Hiza

Kwa miaka kumi na tisa pikapu ya Mzee Shekue ilikuwa na breki mbili. Moja ilikuwa mguuni pake na haikushika vizuri. Ya pili ilikuwa mkewe, Mama Hiza, aliyeruka chini kila kituo na kuweka gogo mbele ya gurudumu.

Asubuhi hiyo fundi Mashauri alikuwa amemaliza kufunga ekseli nyingine ya mbele, yenye breki za diski.

"Mzee, hizi zikanyage kama unakanyaga yai," alionya.

Wakateremka kuelekea sokoni. Mita hamsini kabla ya geti, Mzee Shekue akakanyaga kwa mguu wote kama alivyozoea. Pikapu ikasimama palepale. Kofia yake ikaruka na kugonga kioo. Mama Hiza, aliyekwisha kuruka, akakimbia hatua sita na gogo lake kabla ya kugundua kwamba gari limebaki nyuma.

"Mama Hiza, umelishinda gari mbio!" akapiga kelele muuza mchele.

Soko zima likacheka. Mama Hiza hakucheka. Alirudi, akalitazama gurudumu lililotulia, kisha gogo lake.

"Basi kesho nenda peke yako, Baba Hiza. Mimi sina kazi tena humu."

Mzee Shekue akakitazama kiti kitupu kando yake. Polepole, akaondoa mguu kwenye breki.

"Mke wangu, gogo! Gari linaondoka!"

Mama Hiza akalikumbatia gogo, akakimbia. Pikapu iliendelea kuteremka taratibu, kwa mwendo wa kumsubiri.