Zamu ya Seon-ok

Mwenyekiti alipomtaja, Seon-ok aliinuka akiwa bado ameshika kijiko. Kila Jumanne asubuhi wafanyabiashara wadogo wa mtaa ule wa Incheon, Korea, walikunywa supu pamoja na kupeana wateja, na leo ilikuwa zamu yake kumsifu mwenzake.

"Mgeni wetu anafungua chekechea," mwenyekiti alisema. "Anatafuta fundi wa kufunga mtambo wa kupasha sakafu joto wakati wa baridi. Dada, si wewe ulifungiwa mtambo na huyu kaka yetu?"

Fundi alitabasamu. "Mwambie, dada. Usinionee haya."

Watu wakacheka. Seon-ok aliweka kijiko mezani. Majira ya baridi yaliyopita mtambo ule ulivujisha moshi chumbani, na Seon-ok akamkuta mama yake amezimia. Hakumwambia mtu. Karibu wateja wote wa duka lake la kuchapisha kadi na mabango walikuwa wamekaa pale mezani, na fundi ndiye aliyewaleta kwake.

Mgeni alikuwa mwanamke kijana, kucha zake zimeingia rangi ya manjano aliyokuwa akipaka kuta za chekechea. Alishika kalamu, tayari kuandika.

"Kazi yake ni ya kuaminika?" aliuliza.

Seon-ok alizitazama zile kucha.

"Twende nyumbani ukamwulize mama yangu," alisema. "Ila usishangae akinisahau jina. Amekuwa akinisahau tangu ule moshi wa mtambo."

Tabasamu la fundi likafifia.

"Dada, kaa kwanza," mwenyekiti alisema kwa upole.

Seon-ok alibaki amesimama, akimsubiri mgeni achukue koti lake.