Sauti Kutoka Jikoni

Argiro alimwekea babu yake maikrofoni mpya uani, akapitisha waya dirishani hadi kwenye kompyuta iliyokuwa jikoni, ambako bibi alikuwa akikaanga jibini. Babu akasimulia alivyomnyakua bibi kwao kwa farasi, ndugu za bibi wakimfukuza kwa bunduki.

Argiro aliposikiliza rekodi, babu alisikika kwa mbali, kama yumo kisimani. Akatoka uani, akaikwaruza maikrofoni kwa ukucha huku akichungulia skrini dirishani. Mstari wa kijani wa sauti haukutikisika. Kumbe kompyuta ilirekodi kwa maikrofoni yake yenyewe.

Na kwenye rekodi ile, karibu kabisa, bibi alikuwa akinong'ona: "Farasi gani? Punda yule. Tena mimi ndiye niliyemwambia aje."

"Imeshika?" babu akauliza.

Argiro alimtazama bibi akigeuza jibini, akaacha mipangilio ilivyo.

"Bado, babu. Hebu simulia tena."