Mtu Mmoja Chumbani

Mzigo ulipiga chafya.

Walinzi wa stendi waliokuwa wameuzunguka waliruka nyuma kama mtu mmoja. Blanketi likafunuka, mlevi akakaa kitako kwenye benchi na kuuliza kama basi la kwanza limeshaondoka. Ghorofani, kwenye chumba cha kamera, msimamizi alicheka mpaka akashika mbavu. Pale kwenye skrini, kisanduku chekundu kilichosomeka MZIGO ULIOACHWA kiligeuka kijani: MTU AMEKAA. Kisha: MTU ANATEMBEA.

Fundi aliitwa, akasema hakuna cha kutengeneza. Mashine ilifundishwa mambo ya stendi, na stendini kinachosogea ni mtu, kilichotulia muda mrefu ni begi la mtu. Wakacheka tena, kazi ikaendelea.

Msimamizi alikihitaji kicheko hicho. Baba yake alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande mmoja haufanyi kazi, ulimi mzito, hata simu akiwekewa sikioni anahema tu. Daktari hakumficha: mzee akiwahi mazoezi atatembea, akichelewa ndiyo basi tena. Nafasi za wodi ya mazoezi zilikuwa za kugombaniwa. Alibembeleza ofisi hadi ofisi, akavumilia kujibiwa vibaya, mpaka baba akaandikiwa kitanda cha mwezi uliofuata.

Nyumbani kulikuwa mbali, na aliyebaki kumuuguza mzee ni mdogo wake, waliyembandika jina la Chumvi tangu utotoni. Huyo akikwaruzwa na paka, jioni anasimulia chui. Msimamizi alimpenda sana ila hakumwamini hata kwa habari ya mvua.

Ndiyo maana aliomba kamera moja kuukuu iliyolala stoo, ya aina isiyoona gizani, akaenda kuifunga mwenyewe juu ya mlango wa chumba cha baba. Picha alizizima. Baba hakutaka binti yake amwone akibadilishwa nguo, na macho yake yalilisema hilo vizuri kuliko ulimi. Akazima na taarifa za mizigo, maana kwa baba hakuna abiria wa kusahau begi. Akabakiza taarifa za mtu tu, ziwe zinamfikia kwenye simu.

Alirudi kazini na wasiwasi wake. Siku chache baadaye, akiwa foleni ya chai, simu ikatetemeka. MTU MMOJA CHUMBANI. MTU AMESIMAMA.

Alisoma mara ya pili. Mmoja. Chumvi angekuwemo, ingesema wawili. Aliiacha chai, akaenda kujifungia chooni, akalia kwa furaha.

Tangu hapo kila siku ilikuja na habari njema. MTU ANATEMBEA. MTU AMEKAA. MTU ANAKULA. Siku simu iliposoma HAKUNA MTU CHUMBANI alitaka kupiga vigelegele ofisini, kwani alijua mzee ametoka kuota jua. Alimwonyesha fundi, akawaonyesha wafagizi, akamwonyesha hata yule mlevi wa benchi, naye akampa mkono wa pongezi.

Chumvi peke yake ndiye aliyemtibua. Alipiga simu akisema hali ya mzee si nzuri, hata kugeuka mpaka ageuzwe.

"Wewe umejuaje?" msimamizi alimuuliza. "Humo chumbani mbona huingii?"

"Mimi? Dada, kutwa niko naye."

"Ungekuwa naye, kamera ingesoma watu wawili. Leo umenitilia chumvi hata kwenye ugonjwa wa baba."

"Basi njoo uone," Chumvi akasema, na simu ikakatika.

Msimamizi alijua la kufikiri. Mdogo wake kachoka kuuguza, anatafuta njia ya kumsogeza mzee hospitali ili apumue. Kuchoka si dhambi, aliwaza, lakini uongo wa namna ile ulimuuma.

Wiki ile wodi ya mazoezi ikampigia. Muuguzi alimweleza kuwa kuna mwashi kijana aliyeanguka kutoka ghorofani, mke wake analia koridoni, na kitanda hakuna. Alikuwa anauliza tu kama mzee bado anakuja.

"Baba yangu anatembea," alijibu. "Mpeni huyo kijana."

"Una hakika, dada? Ukikiachia hakirudi."

"Nina hakika."

Alikata simu akijiona mtu mwema. Jioni alinunua viatu vyepesi, visivyo na kamba, vya kuvaliwa kwa mkono mmoja, akaomba ruhusa, akapanda basi. Njiani simu ilimwambia MTU ANATEMBEA, akakumbatia kile kifurushi na kutabasamu dirishani.

Hakupiga hodi. Alitaka kumkuta Chumvi kijiweni kwake na kumwumbua. Alipita sebuleni taratibu, akasukuma mlango wa chumba cha baba, viatu mkononi.

Chumvi alikuwemo. Alikuwa amekonda, amekaa kwenye kimeza kando ya kitanda, anaponda chakula kwenye bakuli, anaonja kama kimepoa. Aliinuka, akatembea hadi kitandani, akapitisha mkono chini ya shingo ya baba na kumwinua kidogo. Baba alikuwa pale pale alipomwacha. Macho yake tu ndiyo yaliyosogea, yakaenda moja kwa moja kwenye viatu.

Simu ikatetemeka. WATU WAWILI CHUMBANI.

Aliangalia kamera juu ya mlango, akaangalia kitanda. Kisha akaziwasha zile taarifa za mizigo, na jibu halikuchelewa.

MZIGO ULIOACHWA: MMOJA.