Salamu za Mlango

Mji wa Kale uliishi kwa watalii, na watalii waliutaka vilevile ulivyo, kwa hiyo idadi ya wakazi haikuruhusiwa kuzidi. Nyumba ikipata mtoto, mmoja wa wakubwa lazima ahame, wala harudi tena. Kila asubuhi mlango wa nakshi uliwaamkia waliomo, jina kwa jina; asiyetajwa ndiye wa kuhama.

Mtoto alihesabiwa siku ya kutolewa nje, arobaini ikitimia. Basi Bi Mwanashee hakukubali mjukuu wake atolewe. Alifukiza ubani kila siku ili majirani wadhani mkwewe Zuhura bado yumo uzazini, nao kwa kumstahi hawakuuliza, hata mtoto akaanza kusimama kwa kushika viti.

Leo mlango haukungoja mtoto atolewe; ulisema, "Sabalkheri Shekue. Sabalkheri Zuhura. Sabalkheri mtoto."

Ukanyamaza.

"Umekusahau tu, mama," alisema mwanawe Shekue.

Bi Mwanashee aliuendea mlango, akaweka kiganja kwenye nakshi alizozipaka mafuta tangu alipoingia humo bibi harusi. "Sabalkheri," akauambia. Akagonga polepole. "Sabalkheri. Ni mimi, Mwanashee."

Nyuma yake Zuhura alimpakata mtoto, asiinue macho.

"Mama," alisema taratibu, "huyu hajaona jua tangu azaliwe."