Kipande cha Mwisho cha Sulu

Kila mtoto wa mbwa aliyepata nyumba, Litia alimkatia kipande cha sulu, shuka yake kuukuu ya kujifunga kiunoni, waliyozaliwa juu yake, asikose harufu ya mama. Alimsahau mama mwenyewe, mbwa koko ambaye Litia alimwokota akiwa na mimba sokoni Suva.

Sasa mzee kutoka Nausori alikuwa amempakata wa mwisho.

"Tumbo kama la mchungaji wetu! Kwetu mihogo tele, binti, hatalala njaa. Na kitambaa chake kama wenzake kiko wapi, asije akalia usiku?"

Kilibaki kimoja tu. Mama mbwa alikuwa amekilalia barazani, amekikumbatia, maziwa yakimdondoka.

Litia akapiga magoti, akakishika pembeni.

 Mbwa aliinua mguu mmoja wa mbele, kisha wa pili, akamwachia kitambaa.