Sauti Mlangoni mwa Mwamba

Kisiwa kile hakivamiki. Mwamba umekizunguka pande zote, ukaacha mlango mmoja tu, na mizinga iliyofichwa pale haipitishi chombo mpaka mwenye nyumba aitambue sauti ya anayerudi. Neno lake halina rufaa.

Mwanakombo alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi, kifaa cha ukutani kiletacho sauti za mlangoni kikalia.

"Sauti hii mnaijua?" askari wa zamu aliuliza.

"Mama Riziki, ni mimi Mcha. Nifungulie nirudi kwangu."

Kwake! Miaka sita nyuma Mcha alivuka kwenda bara kumtafutia mwanawe mdogo dawa, akaoa huko huko, na mtoto akazikwa baba hayupo. Mwanakombo akajifuta mikono kwenye kanga, taratibu.

"Mama, ni baba!" alinong'ona binti yake, Riziki.

"Nyamaza." Akakisogelea kifaa. "Hatumjui huyo. Maadui siku hizi wanaiga sauti."

Mzinga ukalia mara moja, vyombo vikatikisika kabatini. Moyo wa Mwanakombo ukatua tuli. Akarudi kwenye mbuzi akamaliza nazi yake, na wali wa siku ile akala mpaka ukoko. Riziki hakugusa hata tonge.

Miezi miwili baadaye Mwanakombo alikwenda bara harusini. Aliporudi, mashua ikasimamishwa mlangoni mwa mwamba. Akajitaja jina.

"Nyumba umemwachia nani?" askari aliuliza.

"Binti yangu, Riziki."

Wakasubiri. Mashua ikayumba.

"Hebu sema tena, mama," askari akamwambia. "Anasema hana hakika."